Salamu Nilizoziruka Siku ya Uhuru

Wiki moja kabla ya Siku ya Uhuru, nikiwa mezani kwa shangazi yangu Igogo, nilitamka jambo ambalo mpaka leo ananirudishia kila nikijifanya najua. Nilisema Kanda ya Ziwa haina waandishi. Ina samaki, nikasema, ina ng'ombe, ina pamba, ina mawe ya kutosha kujengea nchi nyingine, lakini mtu wa huku akitaka kitabu lazima asome habari za kwingine.

"Umetafuta wapi?" shangazi akauliza.

"Maktaba ya chuo."

"Na huku je?"

"Huku wapi, shangazi? Kwenye dagaa?"

Hakucheka. Alinisogezea bakuli la mboga akasema, "Siku ya Uhuru usipange safari. Utanibebea mabenchi."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano nyuma, na nilikuwa na ule ugonjwa wa wahitimu wa sosholojia: kila nilichoambiwa nilikidai ushahidi. Mchungaji akisema mvua ni baraka, nilitaka kujua ni baraka kwa nani, maana watu wa bondeni walikuwa wanahamisha magodoro. Lakini ile kauli ya waandishi haikuwa ubishi wa mezani tu. Nilikuwa msomaji tangu darasa la nne, na katika vitabu vyote nilivyopitia, vya shule na vya kuazima, sikuwahi kukutana na sentensi yenye jiwe ninalolijua. Nilikulia mahali ambapo choo cha jirani kimejengwa juu ya jabali na kuku wanapanda jabali lingine kuota jua. Sikuyaona hayo popote. Nikahitimisha kwamba kama hatumo vitabuni, basi hatukuandika. Hoja ilionekana safi kabisa. Haikunijia hata mara moja kuuliza ni nani alizipanga zile rafu.

Siku ya Uhuru iliamka na mawingu mepesi juu ya ziwa. Runinga ilikuwa inaonyesha gwaride, nami nilikuwa nimejinyoosha tayari kubishana na hotuba, shangazi akaizima.

"Uhuru wako uko nje," akasema. "Mabenchi manne. Yapeleke uwanja wa nyuma ya kanisa."

"Kuna nini?"

"Kuna watu wanasoma."

Shangazi ni mshonaji wa sare za shule. Nilijua kwamba Jumapili mchana hukutana na wenzake wachache wanaopenda vitabu, lakini siku zote nilidhani ni kikundi cha kunywa chai chenye kisingizio. Nikabeba benchi la kwanza begani, nikashuka nalo kati ya nyumba na mawe hadi uwanjani.

Palikuwa na watu kama themanini tayari, wengine wamekaa juu ya majabali wakining'iniza miguu. Katikati ilikuwepo meza moja, na juu ya meza, chini ya nailoni kwa ajili ya mvua, vitabu. Niliinamisha shingo nione bila kulitua benchi. Vingine vilikuwa vyembamba kama kijitabu cha kliniki. Vingine vilikuwa vimechapwa kwenye duka la kutoa fotokopi na kubanwa kwa stepla, majalada yake karatasi ngumu ya rangi. Viwili tu vilikuwa na mgongo unaosimama wenyewe. Karibu vyote viliandikwa na watu wanaokaa umbali wa kutembea kutoka pale, au kuvuka maji kidogo.

Maswali yangu yalitoka kabla ya salamu. "Nani alivihariri hivi? Nani alivipitia?"

"Wewe vipitie sasa," akasema mama mmoja aliyekuwa anavilinda, bila kunitazama.

Nikachukua kimoja. Ukurasa wa kwanza, mtu anatembea kwa miguu kutoka Buhongwa hadi Nyamagana kumfuata mnunuzi aliyeuziwa ng'ombe asiyekuwa wa kuuzwa. Anapita barabara ile ile ninayoipita mimi. Anapumzika kwenye kivuli cha jiwe ambalo, kwa maelezo yake, lina umbo la mtu aliyegeuka kukataa kitu. Nililijua lile jiwe! Nilikuwa nimelipita maisha yangu yote, nikijua limekaa vibaya bila kujua linafanya nini. Linakataa. Bila shaka linakataa.

Nikafungua kingine, na kingine. Kimoja kilikuwa kibaya, nakiri. Kurasa thelathini za kuwakemea vijana, na kijana mwenyewe humo ndani haongei kama kijana yeyote niliyewahi kukutana naye. Kilichofuata kilikuwa mashairi ya karani wa stendi, na kilinichekesha kwa sauti nikiwa peke yangu, benchi begani, watu wakinipita.

"Msomi," shangazi akasema nyuma yangu, "hilo benchi utalizeesha."

Nilimgeukia nikiwa na maswali kumi mdomoni. Kwa nini sikuwahi kuviona? Viko nakala ngapi? Kwa nini haviko shuleni? Aliniacha nimalize, kisha akanishika mkono akanipeleka kwa mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kikapu miguuni.

"Shikamoo, mama."

Alijibu marahaba kwa mdomo tu. Sauti haikutoka.

Shangazi akanieleza. Yule mama alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, ameolewa Igogo, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Safari hii moshi na mafua vimeungana, sauti imekwenda. Yeye ndiye aliyeandika kile kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Leo kilikuwa kinasomwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na mtu aliyeahidi kukisoma alikuwa amesafiri kwenda Bukoba na hajarudi.

"Kwa hiyo utasoma wewe," shangazi akamalizia.

"Mimi? Sijakisoma hata."

"Si ulisema hakipo? Basi kimekuja kukutafuta."

Yule mama akanivuta nikachutama karibu yake. Alinong'ona, na kila neno lilitoka likikwaruza. Ndani ya kikapu kulikuwa na madaftari makubwa manne yaliyojaa mwandiko. Hicho kilikuwa kitabu chake cha pili, mwendelezo wa kile cha kijani, hakijaisha. Mume wake na watoto wake walikuwa wanamuuliza anamwandikia nani, na hana jibu. Kwa hiyo amejiwekea ahadi.

"Wakinisikiliza leo, namalizia," akanong'ona. "Wasiponisikiliza, haya namwachia huyu."

Alimwonyesha kwa kidevu mwanamke wa makamo aliyekuwa ameketi nyuma yake na beseni la karanga za kukaanga. Mwuza karanga akachukua kipande cha gazeti, akakisokota, akanitazama kwa macho ya utani.

"Karatasi nzuri hizo," akasema. "Nene. Mimi namwombea mwenzangu heri, lakini karanga nazo zinahitaji nguo."

Walicheka wote wawili, yule mama bila sauti. Lakini mkono wake haukutoka kwenye kikapu.

Sasa nieleze usomaji wenyewe, maana ndipo nilipokosea. Pale hawasomi mmoja mmoja huku wengine wakipiga makofi ya adabu. Wanasoma kama ngoma za Kisukuma baada ya mavuno: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, moja huku, nyingine kule, na watu wako huru kwenda wanakovutwa. Atakayebaki na watu wengi ndiye ameshinda. Hakuna jaji wala alama. Miguu ya watu ndiyo inayoamua. Niliposikia hivyo nilimwambia shangazi kwamba huo si utaratibu wa haki kwa fasihi, kuna vitabu vya kusomwa kimya. Akasema, "Vipo. Lakini leo ni sikukuu."

Mpinzani wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa Musoma, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa anasoma kitabu chake kuhusu bwana harusi anayeazima ng'ombe wa jirani ili wakwe wawaone wakipita. Kabla ya kuanza alinijia, akanipa mkono.

"Kijana, pole."

"Pole ya nini, mwalimu?"

"Ya mapema. Baadaye nitakuwa na kazi."

Nilipewa dakika kumi za kukipitia kitabu cha kijani. Nilikipitia kama nilivyofundishwa, kwa haraka na kwa penseli. Kisa kilikuwa kikali. Ni mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za ufukweni. Mwanamke mmoja ana jiko la kukaushia samaki lililojengwa karibu na maji, na kila asubuhi anatoka kuangalia jiwe gani limezama. Siku maji yanapofika jiwe la tatu, anaanza kulibomoa jiko lake na kulipandisha mlimani, tofali moja moja kichwani, huku samaki wa mwisho wakiendelea kukauka kwenye nusu iliyobaki. Nilisisimka. Nilisoma nikasahau nina dakika kumi.

Lakini kisa kilianza ukurasa wa tatu. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa salamu tupu. Habari zenu wa hapa, habari zenu wa pale, kijiji kwa kijiji kuzunguka ziwa. Nikajiuliza, kama nilivyojiuliza maishani kuhusu kila jambo refu: hii ina kazi gani? Hakuna tukio. Hakuna mgogoro. Chuoni tungeikata. Na upande wa pili kuna mwalimu mwenye ng'ombe wa kuazima. Nikachora mstari mwembamba kwa penseli, kuanzia mwanzo hadi ukurasa wa tatu, nikajiona mhariri.

Tukaanza. Mwalimu upande wa jabali kubwa, mimi upande wa ziwa, watu katikati. Nikafungua na sentensi niliyoichagua: "Asubuhi ile jiwe la kwanza halikuwepo."

Watu wakageuka. Wengi wakanijia, pengine thelathini, wengine wakila karanga. Nilisoma vizuri, nasema bila aibu. Sauti yangu ilikuwa safi na vituo nilivizingatia. Lakini nikiwa ukurasa wa nne nikasikia kicheko upande wa jabali, nikaona migongo. Wakaenda watano. Kisha familia nzima. Nikaongeza sauti, wakaenda wengine. Waliobaki hawakuonekana kuchoshwa. Walionekana kama watu waliosimama mlangoni, hawajui kama wavue viatu au waondoke. Nikahesabu kwa pembe ya jicho: tisa. Kisha sita, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Upande wa pili mwalimu alikuwa anawachezea. "Ng'ombe wa kwanza akapita! Ng'ombe wa pili akapita! Ng'ombe wa tatu, mbona anafanana na wa kwanza?" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Ametumia dawa huyo!" mtu akapiga kelele juu ya jabali.

"Dawa yangu chaki!" mwalimu akajibu, akaendelea.

Nilimtazama yule mama. Alikuwa ameshatoa madaftari kikapuni. Alikuwa ameyaweka mapajani, anayanyoosha kona kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, kama mtu anayemvalisha mtoto nguo za safari. Mwuza karanga nyuma yake hakuwa anatania tena. Alikuwa ameinama anatazama beseni.

Nikaacha kusoma. Yule mama akaniita kwa kiganja, nikamwendea mbio, kitabu mkononi. Alikichukua, akaona ule mstari wangu wa penseli.

"Umefuta," akanong'ona.

"Sikufuta, mama. Niliruka tu. Niliona ni salamu."

"Umeona ni salamu."

"Ndiyo."

"Umeingia nyumbani kwa watu bila hodi," akasema, na safari hii sauti ilitoka kidogo, nyembamba na yenye kutu. "Sasa unashangaa wamesimama."

Kuna aibu inayokunyamazisha na kuna aibu inayokuchoma ukaruka. Hii ilikuwa ya pili. Maana nilielewa palepale, tena kwa miguu kabla ya kichwa. Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kujibu swali la mtu ambaye hajamsalimu na kumwambia ametoka wapi na ni wa nani. Nilikuwa nimekulia ndani ya jambo hili. Nilikwenda chuo, nikarudi, nikaliita kurasa mbili zisizo na tukio.

Nikarudi mahali pangu. Nikavuta pumzi.

"Hodi!" nikapaza.

Wale sita wakashtuka. "Karibu," shangazi akasema.

"Hodi jamani!"

"Karibu!" Sasa walijibu na wengine, hata wa upande wa pili, kwa mazoea tu. Nani anasikia hodi akanyamaza?

Nikafungua ukurasa wa kwanza. "Habari zenu wa Igogo, mnaoamka na moshi machoni."

"Njema!" wakajibu wa Igogo, na walikuwa wengi.

"Habari zenu wa Buhongwa, ambao vumbi huwafikia kwanza na mvua huwafikia mwisho."

"Kweli kabisa!" mzee mmoja akapiga paja. "Njema, lakini kweli kabisa!" Akaanza kuja upande wangu, akimvuta mkewe.

"Habari zenu wa Sengerema, mliosubiri kivuko mpaka mkasahau mlikokuwa mnakwenda."

Kelele. Watu wa Sengerema walikuwa juu ya jabali, upande wa mwalimu, na wote wakageuka kama waliovutwa kwa kamba moja. Wakateremka. Mtu hawezi kusalimiwa namna ile akabaki amempa msalimiaji mgongo. Nikasoma Ukerewe, waliofundishwa kuogelea kabla ya kutambaa, na wanawake watatu wakapiga vigelegele huku wakimtazama yule mama kwenye ndoo. Walikuwa hawajajua kwamba ni wa kwao. Nikasoma Magu. Nikasoma Misungwi. Kila salamu ilikuwa na utani ndani yake, na kila utani ulikuwa na mtu wake uwanjani. Sasa nilikuwa naona: hii haikuwa mapambo. Alikuwa anawaingiza watu kitabuni mmoja mmoja, kwa mlango wa kila mtu, ili maji yatakapopanda yapande nyumbani kwao.

Kisha nikafika mstari wa mwisho wa salamu, nikacheka kabla sijausoma.

"Na habari zenu wa Musoma, mnaosema hamwogopi maji wala mkwe."

Upande wa jabali, mwalimu alikuwa katikati ya ng'ombe wake wa nne. Alinyamaza. Nilimwona akipigana na nafsi yake. Kisha akashusha kitabu.

"Hatuogopi!" akanguruma. "Habari njema! Na hatuogopi!"

Hapo uwanja ulipasuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Nami nikaendelea pasipo kupumzika, "Asubuhi ile jiwe la kwanza halikuwepo," sentensi ile ile, sauti ile ile, na safari hii wakanyamaza kama watu waliosikia jambo limetokea mtaani kwao. Hakuna aliyeondoka. Tofali la mwisho lilipofika mlimani, mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga, na mzee wa Buhongwa alikuwa anamweleza mkewe kwamba yeye angeanza kubomoa tangu jiwe la pili.

Ubishi wa nani ameshinda ulichukua muda mrefu kuliko usomaji. Mwalimu hakukubali.

"Ni wizi," alisema, akiwa amekizingira kitabu cha kijani kwa vidole vyake virefu, keshajipatia nakala. "Amenisalimia katikati ya sentensi. Mtu na heshima zake afanyeje?"

"Asingejibu," nikasema.

"Wewe kijana, una wazazi?"

Nilikuwa na mashaka yangu, nayo niliyasema. Je, salamu si ujanja? Si njia ya kuwabembeleza watu kabla hawajaijua hadithi? Mwalimu akasema mlango pia ni ujanja wa kuingia ndani. Jibu hilo halikunitosheleza, na mpaka sasa halinitoshelezi, lakini sikuwahi kubishana kwa raha kiasi kile. Nilikuwa nimekosea kuhusu ukanda mzima, mbele ya watu themanini, na nilitaka kukosea tena.

Nikamfuata yule mama. Madaftari yalikuwa bado mapajani.

"Sasa karanga zangu zitavaa nini?" mwuza karanga alikuwa anauliza.

"Zitembee uchi," yule mama akanong'ona, akaanza kuyarudisha kikapuni.

"Mama, naomba la kwanza," nikasema. "Nikasome."

"Utaruka?"

"Siruki."

"Ukimaliza njoo na maswali. Ukija na sifa tupu nakufukuza."

Akanipa daftari moja, matatu yakabaki. Nikabeba benchi la mwisho begani, daftari limefunguliwa mkononi, nikaanza kupanda. Nilisoma nikitembea, na sikufika mbali. Kwenye nyumba ya tatu nikasimama. Nikageuka, nikateremka mbio, benchi likinigonga kisogoni.

"Mama! Humu umeandika alianza kubomoa maji yalipofika jiwe la nne. Kwenye kitabu ni la tatu. Lipi ni kweli?"

Alinitazama. Kisha akacheka, na kicheko kikamtoa kikohozi, na kikohozi kikamtoa machozi.

"Tua hilo benchi," akasema.

Nikalitua. Akahama kutoka kwenye ndoo akakaa juu ya benchi, akachomoa kalamu kwenye kilemba chake, akalipokea daftari, akafungua pale penye jiwe la nne, akaanza kuandika.